Andika mwaka kwanza, maoni baadaye

Ukipewa mchoro, riwaya au hoja ya falsafa uichambue, usikimbilie kuuliza ina maana gani. Chukua karatasi, ipige mstari katikati. Kushoto andika mwaka kazi ilipotoka. Kulia orodhesha yaliyotangulia: vita, sheria, vifaa vipya, na hasa nani alikuwa analipa. Yaliyokuja baadaye yaache, maana msanii hakuyajua.

Tazama wachoraji wa Impreshoni, kundi la Ufaransa lililochora mwanga na mandhari kwa miguso ya haraka ya brashi, walioonyesha kazi zao kwa pamoja mara ya kwanza Paris mwaka 1874. Wanafunzi wengi huandika kwamba "walipenda mwanga", basi. Sasa jaza upande wa kulia. Mwaka 1839 upigaji picha ulitangazwa rasmi Ufaransa, kwa hiyo kunakili sura ya mtu hakukuwa tena kazi ya brashi peke yake. Mwaka 1841 Mmarekani John Goffe Rand alipata hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) ya mrija wa bati wa kutunzia rangi. Kabla ya hapo rangi ilifungwa kwenye vibofu vya nguruwe, vilivyopasuka ovyo. Ukitaka kuchora ukingoni mwa mto, ni shida tupu. Reli nazo zikawafikisha nje ya mji na kuwarudisha siku hiyohiyo. Na ukumbi wa maonyesho yale ya 1874? Studio ya zamani ya mpiga picha, Nadar!

Ila jambo kutangulia si ushahidi kwamba ndilo chanzo. Kabla ya kuandika "kwa sababu ya", tafuta barua, shajara au mkataba wa wakati ule. Ukikosa, andika "huenda".