Kukadiria vitega uchumi vya taasisi ya dini kwa kutumia taarifa za wazi

Mfadhili wa dini kutoka nje anapoahidi zahanati Ruangwa au kisima Nanyumbu, watu huuliza mapema: hawa wana akiba kiasi gani? Jibu la vijiweni huwa tarakimu moja kubwa, haina tarehe wala chanzo. Taarifa ambazo sheria inalazimisha ziwekwe wazi haziwezi kukupa utajiri wote wa taasisi. Zinakupa kiwango cha chini kinachothibitika. Kazi yako ni kukipata kiwango hicho bila kosa, kisha kupanda juu yake kwa hatua ambazo mtu mwingine anaweza kuzirudia.

Anza na jina linaloshika mali, si jina lililoandikwa kwenye bango. Dhehebu moja huweza kuwa na bodi ya wadhamini, kampuni ya uwekezaji, mfuko wa pensheni na wakfu wa chuo, kila kimoja na hesabu zake. GuideStone ya Wabaptisti wa Kusini wa Marekani inasimamia akiba za uzeeni za wachungaji na watumishi. Kuziita fedha za kanisa ni kosa. Benki ya Vatikani, IOR, nayo hubeba fedha za wateja: mashirika ya kitawa, majimbo, wafanyakazi. Ukikuta "mali zinazosimamiwa", uliza kwanza ni za nani.

Marekani ndiko wengi hukwama, kwa sababu makanisa yamesamehewa kuwasilisha Fomu 990, ile taarifa ya mwaka ya mashirika yasiyo ya faida. Zipo njia mbili za pembeni. Wakfu binafsi uliosajiliwa kando na kanisa huwasilisha Fomu 990-PF, na humo vitega uchumi vimeorodheshwa. Njia ya pili, na ndiyo yenye nyama, ni Fomu 13F. Kila meneja wa uwekezaji mwenye mamlaka juu ya dola milioni 100 au zaidi za hisa zilizomo kwenye orodha rasmi ya mdhibiti wa masoko ya mitaji, SEC, lazima aitoe ndani ya siku 45 baada ya robo mwaka kwisha. Msamaha wa kanisa haumhusu meneja.

Fomu hizo ziko kwenye hifadhi ya mtandaoni iitwayo EDGAR, bure, bila kujisajili. Tafuta jina la meneja na uandike namba yake ya utambulisho, CIK, maana majina hubadilika na namba haibadiliki. Tarehe za mwisho kwa kawaida ni 14 Februari, 15 Mei, 14 Agosti na 14 Novemba, zikisogea mbele zikiangukia wikiendi au sikukuu. EDGAR hupokea nyaraka hadi saa nne usiku ya Washington, ambayo kwetu ni alfajiri ya siku ya pili, kwa hiyo hakuna haja ya kukesha, fungua asubuhi. Mtandao ukisuasua, usifungue kurasa moja moja. Pakua faili la XML la jedwali la hisa, kisha lifungue kwenye Excel.

Kila mstari una jina la kampuni, aina ya hisa, namba ya CUSIP inayotambulisha hisa, yenye herufi na tarakimu tisa, thamani, na idadi ya hisa. Linganisha robo moja na nyingine kwa CUSIP, kamwe si kwa jina, kwani jina huandikwa hivi leo na vile kesho. Alphabet peke yake ina mistari miwili, hisa za daraja A na za daraja C, na kila daraja lina CUSIP yake.

Hapa ndipo makosa makubwa huzaliwa. Hadi mwisho wa 2022 thamani iliandikwa kwa maelfu ya dola. Kuanzia 3 Januari 2023 inaandikwa kwa dola kamili. Asiyejua hili anaweza kutangaza kwamba kanisa limetajirika mara elfu ndani ya miezi mitatu. Dawa ni moja: gawanya thamani kwa idadi ya hisa, kwenye mstari wa kampuni unayoijua bei yake. Apple ilifunga 2022 ikiwa karibu dola 130. Ukipata 130, thamani iko kwa dola, ukipata 0.13, iko kwa maelfu. Fanya hivyo kwa kila fomu, hata mpya, maana wapo waliochelewa kuubadili mtindo.

Kosa la pili ni mgawanyo wa hisa. Agosti 2020 kila hisa moja ya Apple iligeuka nne, na Juni 2024 kila moja ya Nvidia ikawa kumi. Idadi inapanda, lakini hakuna aliyenunua kitu. La tatu ni marekebisho. Fomu yenye alama ya 13F-HR/A huweza kuwa imefuta jedwali zima la kwanza au imeongeza mistari michache tu. Soma ukurasa wa mbele kabla ya kujumlisha, la sivyo utahesabu mali ileile mara mbili. Nayo 13F-NT haina jedwali kabisa: inasema tu kwamba hisa hizo zimeripotiwa na meneja mwingine, ambaye itabidi umfuate.

Sasa jua kisichomo. 13F hufanya kazi kama stakabadhi ghalani ya msimu wa korosho: inathibitisha mzigo uliopokelewa ghala lile siku ile, na haisemi lolote kuhusu gunia lililobaki nyumbani. Hatifungani za kawaida hazimo, wala fedha taslimu, ardhi, majengo, mifuko ya pamoja ya kawaida, hisa za kampuni zisizo sokoni, wala hisa nyingi zinazouzwa nje ya Marekani pekee. Mstari wenye hisa pungufu ya 10,000 na thamani pungufu ya dola 200,000 unaruhusiwa kuachwa. Haki za kununua au kuuza hisa baadaye huandikwa kwa thamani ya hisa zenyewe, si kwa gharama ya haki hiyo, kwa hiyo zitoe kwenye jumla na uzitaje pembeni.

Tukio la Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho linaonyesha haya yote kwa mpigo. Meneja wake ni Ensign Peak Advisors. Kwa miaka mingi hisa zake ziliripotiwa kupitia kampuni kivuli 13, ili ukubwa wa mfuko usionekane. Mwaka 2018 wachunguzi wa nje walizikusanya kampuni hizo kwa kufuatilia usajili wa tovuti zao na wakapata takriban dola bilioni 32. Taarifa ya kwanza ya Ensign Peak kwa jina lake, ya mwisho wa 2019, ilikuwa na takriban dola bilioni 37.8, wakati mfanyakazi wake wa zamani akidai mfuko wote ulifikia dola bilioni 100. Februari 2023 shauri la kampuni hizo kivuli lilimalizwa kwa SEC kutoza faini: dola milioni 4 kwa meneja na milioni 1 kwa kanisa. Ukishuku kampuni kivuli, linganisha anwani, majina ya watia saini, namba za simu na orodha za hisa. Majedwali mawili yenye kampuni zilezile kwa uwiano uleule si bahati.

Kupanda kutoka kiwango cha chini hadi makadirio ni suala la dhana, na dhana iandikwe. Tuseme jedwali limejumlisha dola bilioni 4.2. Ukichukulia kwamba hisa za Marekani ni asilimia 70 ya mfuko, mfuko wote ni bilioni 6. Ukichukulia asilimia 40, ni bilioni 10.5. Basi andika "kati ya 6 na 10.5", utaje asilimia zote mbili, na usitafute wastani ili upate tarakimu moja ya kupendeza. Kutambua kama fedha mpya zimeingia, chukua thamani ya robo iliyopita na uikuze kwa mwendo wa soko. Bilioni 4.0 na soko likipanda asilimia 8 ilipaswa kuwa 4.32, ukikuta 4.2, huenda bilioni 0.12 imeuzwa, au meneja amechagua hisa zilizopitwa na soko. Kupata jibu, angalia idadi ya hisa mstari kwa mstari. Ukibadili kwenda shilingi, tumia kiwango cha Benki Kuu cha siku ya mwisho ya robo ile, si cha leo.

Uingereza kazi ni nyepesi. Church Commissioners, wanaosimamia mfuko wa Kanisa la Anglikana la huko, huchapisha ripoti kamili ya mwaka. Mfuko ulizidi pauni bilioni 10 mwishoni mwa 2023. Usiuhusishe mfuko huo na dayosisi za hapa, Masasi ikiwemo, kwa sababu tu zote ni za Anglikana.

Hapa nyumbani Tanzania milango ni michache. Jina la wadhamini hupatikana RITA, la kampuni hupatikana BRELA. Benki Kuu hutangaza matokeo ya minada ya hatifungani bila majina ya wanunuzi, na UTT AMIS, inayosimamia mifuko ya uwekezaji wa pamoja, hutangaza bei ya vipande bila majina ya wenye vipande. Kinachobaki ni hisa za kampuni zilizo kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam. Benki ya Mkombozi ina mizizi kwa Wakatoliki, Maendeleo Bank kwa KKKT Dayosisi ya Mashariki na Pwani. Waraka wa matarajio, ule unaotolewa hisa zinapouzwa kwa umma, na ripoti za mwaka ndimo pa kutafuta wenye hisa wakubwa. Hesabu taasisi iliyotajwa tu. Waumini walionunua hisa zao hawamo.

Bei ya sokoni ya hisa za benki ndogo itazame kwa jicho kali, kwani huweza kusimama muda mrefu bila hisa nyingi kubadilisha mikono. Toa thamani ya pili: mtaji wa wanahisa kwenye taarifa ya robo mwaka inayochapishwa magazetini, mara asilimia ya hisa za taasisi. Zikitofautiana sana, chapisha zote. Hospitali za Ndanda na Nyangao, shule, na nyumba za wakfu za misikiti ziache nje ya hesabu hii. Ni mali, lakini si vitega uchumi vya fedha, na hazina bei ya soko ya kusoma kwenye taarifa yoyote.