Kuvua habu ya nyuma iliyong'ang'ania ekseli katika gari la kale

Ukarabati wa suspensheni ya nyuma ukifikia beringi ya ekseli au bamba la breki, habu, yaani kitovu kinachofungiwa gurudumu, ndiyo inayoziba njia. Katika magari kadhaa ya Uingereza ya miaka ya 1960, Triumph TR4 likiwa mojawapo, ncha ya ekseli imechongwa ikisinyaa kuelekea mwisho, umbo la pia ya kuchezea, na tundu la habu likachongwa vivyo hivyo, hata kadiri nati inavyokazwa ndivyo vyuma viwili vinavyozidi kubanana. Ndiyo maana kulegeza nati peke yake hakuitoi habu.

Chomoa pini inayozuia nati. Kisha, ikiwa tundu la katikati ya rimu linapitisha soketi, ilegeze nati gari likiwa bado chini na hendibreki imevutwa, kwa kuwa hukazwa kwa nguvu kubwa. Zuia magurudumu ya mbele, kalisha gari juu ya stendi, achilia hendibreki, utoe gurudumu na dramu. Vumbi la breki usilipulize, kwani viatu vya breki vya zamani mara nyingi vilikuwa na asbesto. Lifute kwa kitambaa kilicholoa.

Nati usiitoe kabisa. Irudishe mpaka uso wake ulingane na ncha ya ekseli: hapo italinda nyuzi zisiharibiwe na pula, yaani kifaa cha kuing'oa habu, na habu itakapoachia kwa kishindo, maana huachia ghafla, nati ndiyo itakayoidaka.

Pula inayofaa hufungwa kwenye stadi (bolti) zote za gurudumu. Ile ya miguu inayokamata ukingo huweza kupinda flenji, yaani ukingo huo wa habu, na hasara hiyo ni kubwa kuliko bei ya pula nzuri. Kaza skrubu ya kati, igonge kichwani pigo moja kavu, kaza tena. Mapigo yawe machache, kwani nguvu yake husafiri kwenye ekseli hadi kwenye beringi na difu, yaani gia za katikati ya ekseli. Ikigoma, iache imekazwa hivyo usiku kucha, au zungusha moto wa gesi kwenye shingo ya habu, si kwenye ekseli, ukikumbuka kwamba sili na grisi ziko jirani.

Ikishatoka, kagua kii, kipande cha chuma kinachozifanya habu na ekseli zizunguke pamoja, na mfereji wake. Mfereji uliopanuka ni dalili kwamba habu ilikuwa ikicheza, na kii mpya pekee haitaiponya. Wakati wa kurudisha, futa grisi yote kwenye sehemu zenye umbo la pia, kaza nati kwa kipimo cha kitabu cha gari, na tundu la pini lisipolingana, ongeza kukaza kidogo. Usiirudishe nati nyuma.