SOMO: Nairobi hadi Lamu kwa gari, ukipitia ngome na miji ya kale

Kila likizo ya Agosti na Disemba ikikaribia, maswali ni yale yale: tupite wapi, tulale wapi, Lamu gari inafika? Naandika mara moja ili anayeuliza tena aelekezwe hapa. Tenga wiki nzima. Kama una siku tatu tu, nenda Mombasa ukaogelee, na ngome uziwekee likizo nyingine.

1. Gari. Servisi, tairi la akiba lenye upepo, jeki, pembetatu za onyo, maji ya kunywa. Gari ndogo inatosha, njia kuu yote ni lami.

2. Pesa. Makumbusho yanalipiwa kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Weka pesa kwenye M-Pesa na ufungue akaunti ukiwa nyumbani, si pale mlangoni watu wakikusubiri nyuma.

3. Nairobi hadi Voi. Kama kilomita 330. Toka saa kumi na moja alfajiri, na usiunganishe hadi Mombasa siku hiyo. Malori ni mengi, na ukiwa umechoka ndipo unapoanza kuyapita mahali pasipofaa. Makindu, simama kwenye hekalu la Masingasinga. Vua viatu, funika kichwa, nawa mikono, kaa ule. Chakula ni bure kwa kila msafiri, ukiwa na sadaka utaiacha. Mbele ya Mtito Andei tazama kushoto: ule ukingo mrefu ulionyooka kama meza ni nyanda za Yatta, lava iliyotiririka zamani karibu kilomita 300.

4. Mombasa. Lala usiku mbili. Fort Jesus ingia asubuhi milango ikifunguliwa, kabla jua halijapiga yale mawe. Wareno waliijenga kuanzia 1593 hadi 1596 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Waingereza waliifanya jela hadi 1958. Usiishie kwenye mizinga na picha za ukutani. Tafuta vitu vilivyoopolewa kutoka meli ya Santo António de Tanná, iliyozama pale chini 1697 ikileta msaada wakati ngome imezingirwa. Ukitoka, ingia Mji wa Kale kwa miguu. Gari iache kwenye maegesho, vichochoro vile si vyake.

5. Mtwapa na Kilifi. Jumba la Mtwana ni mji wa karne ya 14 ulio juu ya bahari, na mara nyingi utakuta uko peke yako. Msikiti wake unatazama ufuo, na mawimbi unayasikia ukiwa kibla. Magofu ya Mnarani yako upande wa kusini wa daraja la Kilifi, kwa hiyo yapitie kabla hujavuka.

6. Gedi. Ni magofu ya mji wa kale wa Waswahili. Kata kwenye makutano ya kwenda Watamu. Iliingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO 2024. Chukua kiongozi. Bila yeye utaona kuta tu, hutajua ipi ilikuwa bafu na ipi ghala. Chakula kiache garini, kima wa pale wanafungua mifuko.

7. Malindi. Nguzo ya Vasco da Gama, baharia Mreno aliyefika 1498, na kanisa dogo la Wareno. Nusu siku inatosha.

8. Malindi hadi Mokowe. Hapa ndipo safari nyingi zinapoharibika, kwa hiyo soma polepole. Lami ni nzuri, na uzuri huo ndio mtego: mtu anakunywa chai Malindi hadi saa tano, anajiambia atakimbiza. Baada ya Garsen kuna vizuizi vya polisi, na hali ya usalama hubadilika. Kuna siku unapita tu, kuna siku magari yanasubiriwa yaende kwa msafara na askari, na ukichelewa unarudishwa Garsen au unalala ndani ya gari.

Kwa hiyo: jaza tangi Malindi. Ondoka kukipambazuka. Usiku usiendeshe upande huo kabisa. Kila kizuizi uliza hali ya mbele, na uliza pia dereva wa basi la Lamu aliyetoka upande ule, kwa sababu yeye anapita kila siku. Usiache lami kwa sababu ya picha. Askari akisema rudi, geuza bila kubishana. Kama moyo una wasiwasi, acha gari Malindi upande basi, Lamu ni ile ile.

Mokowe gari linabaki kwa walinzi gatini, unavuka kwa boti hadi kisiwani Lamu. Patana bei kabla ya kupanda.

9. Lamu. Ngome ilianza kujengwa 1813, ikaisha 1821, na ilikuwa jela hadi 1984. Kaa angalau siku mbili.

MASWALI

DerevaWaThika: Somo safi. Kutoka Nai hadi Mombasa ni saa ngapi nikikanyaga vizuri?
Mwandishi: Hatua ya 3.

DerevaWaThika: Nimesoma. Mimi huwa nafika kwa saa sita, sioni haja ya kulala Voi.
Mwandishi: Basi hukuhitaji somo. Niliandika kwa anayebeba watoto nyuma.

BintiKayole: Samahani kaka, kwa nini Fort Jesus ina zile pembe zinazochomoza? Mwanangu ameniuliza nikakosa jibu.
Mwandishi: Mwambie hivi, dada: ukuta ulionyooka una tatizo, adui akifika chini yake, aliye juu hamwoni vizuri. Pembe inapochomoza, askari wa pembe moja anauona ukuta wa jirani kwa urefu wote na anaweza kupiga risasi sambamba nao. Mkifika, msimamishe kwenye pembe moja atazame ya pili, ataelewa mwenyewe. Na msimulie habari za Yusuf bin Hassan, sultani aliyesomeshwa na Wareno Goa, wakambatiza. Mwaka 1631 aliwageuka akaiteka ngome. Kuzingirwa kukubwa kulikuja baadaye, 1696 hadi 1698. Waomani walipoingia, wengi wa waliokuwa ndani walikuwa wamekufa, zaidi kwa maradhi.

BintiKayole: Asante sana. Na Gedi watu walihama kwa nini?
Mwandishi: Hakuna jibu moja. Vita, kusogea kwa watu kutoka kaskazini, na maji. Kirkman, mwanaakiolojia aliyefukua pale kuanzia 1948, aliona kisima kilichozidishwa kina, dalili kwamba maji yalikuwa yakishuka. Omba kiongozi akuonyeshe kisima cha msikiti mkuu.

Omosh_Umoja: Lamu naingia na gari hadi hotelini?
Mwandishi: Hatua ya 8, sentensi za mwisho. Tafadhali someni.

MzeeWaWundanyi: Vijana mnapita Voi mbio. Shikeni barabara ya Taveta, mwone Maktau na kilima cha Salaita, ambako Waingereza na Wajerumani walipigana Februari 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Na Voi mjini kuna makaburi ya vita hivyo.
Mwandishi: Shikamoo mzee. Ni kweli, anayeweza aongeze siku moja hapo Voi.

ChaiYaMkandaa: Nyongeza kwa wanaorudi: msipite tena Mombasa mjini. Mkishavuka daraja la Kilifi kateni Mavueni, mpande Kaloleni, mtokee Mariakani. Minazi njia nzima.
Mwandishi: Njia hiyo naipenda. Na mwenye muda, kutoka Kaloleni ateremke kwa upande wa Mazeras apite Rabai, alikokaa mmisionari Krapf tangu 1846. Kuna makumbusho ndani ya kanisa la zamani.

BintiKayole: Kaloleni naweza kupata madafu barabarani?
Mwandishi: Kila kona. Beba chenji.