Kumnywesha kobe: anza kwa kuusoma mkojo wake

Nafuga kobe wawili wa madoadoa hapa Kilifi, kwa kibali cha KWS, shirika la serikali ya Kenya la wanyamapori. Bila kibali ni kosa kisheria, kwa hiyo ukimkuta njiani mwache aende zake. Usimnyanyue ovyo, hasa wakati wa kiangazi: akishtuka humwaga mkojo, na humo kibofuni ndimo alimoweka akiba yake ya maji.

1. Chombo kiwe kipana na kifupi. Mwanzo niliwawekea bakuli la mbwa. Maji yakishinda vile vile, nami nikidhani hawana kiu. Kumbe kobe huinama, akazamisha mdomo na pua, koo likawa linapwita. Ukingo mrefu humzuia. Sasa natumia kisahani cha udongo cha kuwekea chungu cha maua, nimekifukia mpaka ukingo umelingana na ardhi.

2. Onja maji kabla yake. Kisima chetu kina chumvi, basi wao hupewa ya mvua.

3. Mloweshe. Maji yawe vuguvugu, kama ya kumwogeshea mtoto mchanga, yaishie pale gamba la juu linapokutana na la chini. Usimwache peke yake humo. Dakika 20 zinatosha: kobe mchanga wa chini ya mwaka kila siku, mkubwa mara moja au mbili kwa wiki, na zaidi joto la kaskazi likipamba moto. Mara nyingi atakunya humo humo. Mwaga, weka mengine, asije akanywa uchafu wake.

4. Tazama kilichotoka. Hapa ndipo wengi hupita haraka. Pamoja na mkojo hutoka kitu cheupe. Kikiwa laini kama dawa ya meno, hana neno. Vaa glavu, ukisugue kati ya vidole: kikikwaruza kama mchanga, maji hayamtoshi. Mloweshe kila siku mpaka kilainike, maana kikizidi kugandamana huwa jiwe kibofuni, na jiwe hilo huenda likahitaji upasuaji. Macho yakiingia ndani, au pua ikitoa mapovu, usingoje. Mpeleke kwa daktari wa wanyama.

5. Chakula nacho kina maji. Nyasi ndizo za kwanza, kisha majani ya haibiskasi na mpungate uliotolewa miiba. Mimi huyanyunyizia maji asubuhi. Embe na papai tumbo lake halikuumbiwa. Mkate na chakula cha mbwa ndiyo kabisa usithubutu. Kwa ajili ya gamba, mwachie ule mfupa mweupe wa dome, jamaa ya ngisi, unaookotwa ufukweni, autafune akipenda.

6. Awe na kivuli mchana kutwa. Ukimaliza kumshika nawa kwa sabuni, kwani kobe hubeba vijidudu vya salmonela hata akiwa mzima. Beseni la kuwaloweshea nimelipaka rangi nyekundu ukingoni, lisije likarudi jikoni.