Boti Inaingiza Maji: Namna ya Kuutafuta Uvujaji na Kuuziba

Boti inapoingiza maji, mwenye boti huwa ameshampata mshtakiwa kabla ya uchunguzi: ule ufa wa siku ile alipogusa mwamba. Mara nyingi ufa wenyewe hauna kosa. Maji yakishaingia hufuata mteremko, hupenya chini ya sakafu, huzunguka mataruma (mbavu za boti), kisha hutuama ngamani, sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, karibu na shetri, yaani upande wa nyuma. Unapoyaona ndipo yalipochokea. Mlango wake unaweza kuwa mita tatu mbele.

Kwa hiyo weka grainda chini kwanza. Utaratibu huu naufuata kwa boti za faiba.

Hatua ya 1: Yahoji maji

Yanaingia lini? Yakiingia boti imefungwa tu gatini, tundu liko chini ya usawa wa maji. Yakiingia ukiwa mwendoni tu, shuku hozi za kupozea injini, shafti, au ufa unaofunguka boti inapopiga mawimbi. Yakionekana baada ya mvua, kagua sitaha na madirisha. Kama boti ni ya baharini, chovya kidole uonje: maji yasiyo na chumvi ni ya mvua au ya tangi lako mwenyewe.

Ukisikia harufu ya mafuta, usionje. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutuama humo humo ngamani. Fungua vifuniko, washa feni ya kutolea hewa kwa dakika 4 angalau kabla ya kuwasha injini, na harufu isipoisha usiwashe kitu.

Hatua ya 2: Kausha, kisha tandaza tishu

Toa maji yote, maliza kwa sponji na kitambaa mpaka pawe pakavu kabisa. Tandika tishu chini ya kila tundu, hozi na skrubu inayopenya bodi. Kwenye kuta za wima paka unga wa chaki. Tone moja likiteremka huchora mfereji mweusi, nawe unaufuata kwenda juu mpaka unapoanzia.

Kaa robo saa boti ikiwa imetulia. Halafu washa injini ikiwa bado imefungwa. Mwisho nendeni mwendoni, mwenzako kwenye usukani, wewe na tochi, mikono na nguo mbali na mikanda.

Mimi huanza na kizibo cha shetri, kile cha tundu la kutolea maji: mpira wake umepasuka? Na skrubu zinazoshika kikombe chake? Kisha skrubu za kipima kina, ambazo watu huzichoma kwenye shetri bila kuweka hata tone la gundi. Injini ya ndani yenye mguu wa nje ina mpira wa mikunjo. Ukunjue kwa vidole, maana nyufa hujificha ndani ya mikunjo. Paking ya kamba inayozuia maji kwenye shafti ni habari nyingine: matone machache kwa dakika shafti ikizunguka ndiyo yanayoipoza. Ukiikaza mpaka ikauke, itaila shafti.

Kuna boti ambayo uvujaji wake niliutafuta siku mbili nzima. Kila asubuhi ngama imejaa, bodi haina hata mkwaruzo. Siku ya tatu nilikuwa nimelala kifudifudi na tochi pampu ilipojizima, nikayaona maji yanarudi kupitia hozi ile ile iliyoyatoa. Mdomo wa hozi ulikuwa juu kidogo tu ya maji. Tangi la mafuta likijazwa, shetri inazama, mdomo unazama nayo. Pampu ndiyo iliyokuwa ikiijaza boti. Dawa ilikuwa kuupandisha mdomo, na kuipitisha hozi juu kwa tao lenye tundu la hewa kileleni.

Usiitegemee pampu wakati bado unatafuta. Tundu la milimita 25, sentimita 30 chini ya maji, linaingiza lita 40 hivi kwa dakika. Hizo ni lita 2,400 kwa saa, na pampu nyingi ndogo hazizifikii.

Hatua ya 3: Geuza jaribio

Kama tishu hazikusema kitu, pandisha boti kwenye trela, ondoa betri, futa bodi kwa nje ikauke, kisha mimina maji ndani. Yatie rangi ya chakula. Sentimita chache juu ya ngama zinatosha: mita moja ya ujazo ni tani nzima, na trela halikutengenezwa kwa mzigo huo. Subiri saa kadhaa, zungushia alama kwa kalamu ya nta kila panapotoa jasho.

Hatua ya 4: Ziba

Kwa kifaa kinacholegea, kung'oa ndiyo njia. Kupaka gundi kuzunguka ukingo kwa nje ni kujidanganya. Kitoe, kwangua gundi ya zamani yote, futa kwa asetoni, weka gundi ya poliurethani ya vyombo vya majini, kaza kiasi ili isikamuliwe ikaisha. Silikoni ya bafuni iache bafuni. Hata ukiikwangua, mabaki yake hukataa rangi na resini. Matundu ya skrubu kwenye shetri yenye plaiwudi yatoboe yawe mapana, yajaze epoksi (gundi ngumu ya kuchanganya sehemu mbili), kisha toboa upya katikati. Hapo mbao haioni maji tena.

Ufa uliopenya unataka subira. Futa nta kwa asetoni *kabla* ya msasa, la sivyo unaisugulia nta ndani. Vaa barakoa ya vumbi na kemikali. Chonga kingo za ufa ziwe mteremko wenye upana mara 12 ya unene wa bodi: bodi ya milimita 5 inataka milimita 60 kila upande. Bandika nailoni juu yake usiku kucha. Asubuhi ukikuta umande ndani, faiba bado imelowa, ngoja. Tumia epoksi na kitambaa cha faiba kilichofumwa, kipande kikubwa kwanza, vidogo baadaye. Epoksi ukishaichanganya imimine kwenye chombo kipana kisicho na kina, maana ikirundikana kikombeni huchemka mpaka itoe moshi. Ikishakauka ioshe kwa maji, isugue, ndipo upake rangi.

Hatua ya 5: Irudishe majini

Tishu kavu pale pale ulipoziba. Itazame baada ya dakika 10, baada ya saa moja, na kesho yake asubuhi. Swichi ya otomatiki ya pampu iache ikiwa imewashwa muda huo, lakini andika pampu imefanya kazi mara ngapi. Kwenye kila tundu la bodi funga kwa kamba kigingi cha mbao laini kinacholingana nalo, hozi ikichomoka usianze kukitafuta gizani.