Kabla ya Kumtuma Wakala Kituoni: Maandalizi ya Agosti 2027

Uchaguzi mkuu wa Kenya umepangiwa tarehe 10 Agosti 2027. Waulize wagombea wamejiandaaje, wengi watakuonyesha magari, fulana na majukwaa. Mawakala, yaani watu wanaokiwakilisha chama au mgombea ndani ya kituo cha kupigia kura, hutajwa mwisho, wakati kazi nzito kuliko zote ni yao. Mahakama ya Juu ilipofuta uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba 2017, lawama kubwa iliangukia namna matokeo yalivyopitishwa na kuthibitishwa baada ya kutoka vituoni. Karatasi inayobeba matokeo ya urais kutoka kituoni ni Fomu 34A. Chama ambacho hakikuwa na mtu pale ilipojazwa kitalalamika tu, ushahidi hakina.

Kwa hiyo watafuteni mawakala mapema. Mwaka 2022 vituo vilikuwa 46,229, na idadi hiyo haipatikani kwa kukusanya vijana wiki ya mwisho. Mtakeni mtu anayefahamika mtaani, mwenye macho ya kusoma tarakimu hata usiku wa manane, asiyeogopa kumuuliza msimamizi wa kituo swali kwa adabu. Nauli na chakula chake apewe kabla ya siku yenyewe. Hili vyama hulipuuza, nami naliona ndilo linalotuumiza zaidi: wakala aliyeshinda na njaa tangu alfajiri ataondoka saa nne usiku, au atatia saini chochote mradi aende kwake.

Barua ya uteuzi, kitambulisho na kiapo cha usiri vikamilishwe kabla. Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, lakini wakala afike mapema zaidi, aone kwa macho yake masanduku yakiwa matupu na aandike nambari za sili daftarini. Simu iwe na chaji, na kalamu ziwe mbili.

Mtambo wa KIEMS, unaotumiwa kuwatambua wapiga kura kwa alama za vidole, unaweza kugoma. Mwaka 2022 baadhi ya vituo vya Kakamega na Makueni vililazimika kutumia sajili ya karatasi. Hapo kelele hazisaidii. Wakala aandike saa mtambo ulipogoma, watu waliotambuliwa kwa sajili ya karatasi ni wangapi, na amwombe msimamizi aweke jambo hilo kwenye kumbukumbu za kituo. Anayesaidiwa kupiga kura kwa sababu ya ulemavu au kutojua kusoma naye afuatiliwe kwa heshima. Ana haki ya kuja na msaidizi wake mwenyewe.

Usiku wa kuhesabu ndio wa kufanyiwa mazoezi hasa, na fomu za mfano mkononi. Kila kura ionyeshwe, na zinazobishaniwa zitengwe. Wakala anaruhusiwa kuomba hesabu irudiwe, lakini hairudiwi zaidi ya mara mbili, basi asiitumie nafasi hiyo ovyo. Kisha hesabu ndogo: kura halali ukijumlisha na zilizokataliwa zisizidi watu waliotambuliwa, na kwa sheria kituo hakiandikishi zaidi ya wapiga kura 700. Asome tarakimu na maneno, aone kama vinalingana, ndipo atie saini. Kama hakubali, aandike sababu kwenye fomu. Kususa na kuondoka hakufuti matokeo, sheria iko wazi, na chama kitakuwa kimepoteza shahidi.

Hata alama ndogo ya kurekebisha ni jambo kubwa. Uchaguzi wa rais wa Malawi wa Mei 2019 ulifutwa na mahakama Februari 2020, na miongoni mwa kasoro zilizothibitishwa ni fomu za matokeo zilizofutwa kwa wino mweupe. Raia walirudi kupiga kura Juni 2020 na Lazarus Chakwera akashinda. Wakala wetu akiona namba imekatwa, adai maelezo yaandikwe papo hapo. Apige picha ya fomu nzima, pembe zote nne zionekane, achukue nakala yake, na ahakikishe nyingine imebandikwa mlangoni.

Chama nacho kiwe na mahali pa kuzipokea picha na nakala hizo. Mwaka 2022 tume ya uchaguzi iliweka picha za Fomu 34A kwenye tovuti yake, mwananchi yeyote akaweza kujumlisha mwenyewe. Makamishna wanne kati ya saba walipoyakana matokeo, fomu hizo zilibaki pale kwa kila mtu kuzikagua. Mahakama ya Juu ililinganisha fomu za asili na zile za tovuti, haikuona tofauti kubwa, na tarehe 5 Septemba ikathibitisha ushindi wa William Ruto. Anayetaka kupinga matokeo ya urais ana siku 7 tu za kuwasilisha kesi, na mahakama ina siku 14 za kuamua. Nakala za mawakala zianze kupangwa kwa maeneo bunge usiku uleule, wakili akiwa ameshajulikana ni nani na gharama zake zimetengwa.