Mambo ya kuzingatia kabla ya kuandika msimbo wa upele

Kabla ya msimbo wowote, yaani herufi na namba zinazowakilisha ugonjwa, kuingia kwenye faili la mgonjwa, neno "upele" lenyewe litiliwe shaka. Mgonjwa hulitumia kwa kila kinachochomoza juu ya ngozi, ilhali neno hilohilo ni jina la ugonjwa mmoja mahususi, ule unaoletwa na utitiri unaojichimbia ngozini. Katika ICD-10, toleo la kumi la orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa, ugonjwa huo ni B86, na vipele visivyojulikana chanzo ni R21. Karani anayenakili kauli ya mgonjwa bila kuuliza anaweza kuuzika ugonjwa wa kuambukiza kwenye kundi la dalili tu.

Kwa hiyo maelezo ya uchunguzi yatangulie: vipele vilianza lini na wapi, vimeenea kuelekea wapi, vinawasha au vinauma, na ni mabaka, malengelenge, vipele vyenye usaha au magamba yanayobanduka. "Wekundu" ni neno lililozoeleka mno, nalo hupotosha kwenye ngozi nyeusi, ambako uvimbe huweza kuonekana wa zambarau au mweusi zaidi. Iandikwe rangi iliyoonekana. Alama isiyofifia inapobonyezwa huashiria damu iliyovuja chini ya ngozi, na hapo anayetakiwa haraka ni daktari, msimbo utasubiri.

Dawa zote alizotumia mgonjwa ziorodheshwe kwa majina na tarehe, zikiwemo za kienyeji, kwa sababu L27.0 ni ya vipele vilivyoenea mwilini kutokana na dawa, na bila jina la dawa hiyo msimbo unasimama kwa mguu mmoja. Vivyo hivyo, L23 ni ya mzio wa kitu kilichogusa ngozi na L24 ni ya kitu kilichoiunguza chenyewe. Tabibu asipotofautisha, hubaki L25 tu.

Ugonjwa unaodhaniwa haupewi msimbo kana kwamba umethibitishwa. "Huenda ni fangasi" hubaki R21 hadi tabibu athibitishe, mathalani baada ya magamba yaliyokwanguliwa kupimwa. Ndipo hudhurio linalofuata liandikwe B35.4 ikiwa fangasi iko kiwiliwilini. Ihakikishwe pia ni toleo gani linalotumika kituoni, kwani ICD-11 ilianza kutumika Januari 2022 na misimbo yake ni mingine kabisa.